Sura ya Sita: Jirani Anapoipinga Sheria ya Nyumba Yako

"Sasa Meksiko inaingiaje hapo?"

Watu huuliza hivi kila habari za mpaka wa Marekani zinaposomwa redioni, na wana sababu. Marekani ni nchi huru, ina mipaka yake, bunge lake na polisi wake. Mtu akiingia bila kibali amevunja sheria, na hakuna nchi duniani isiyo na sheria ya namna hiyo. Rais wa Meksiko anapata wapi ubavu wa kulaani hadharani sheria iliyotungwa na watu wengine, kwa ajili ya ardhi yao wenyewe?

Tutalitafuta jibu katika kisa kimoja. Mwaka 2010 jimbo la Arizona, kusini magharibi mwa Marekani, lilipitisha sheria ya uhamiaji iliyojulikana kwa namba yake, SB 1070. Meksiko ikaja juu. Ilitoa onyo kwa wasafiri, magavana wake wakasusia mkutano, rais wake akaisema sheria hiyo ndani ya Bunge la Marekani, na mawakili wake wakapeleka andiko mahakamani. Miaka miwili baadaye sehemu kubwa ya vifungu vyake vilivyopingwa ilikuwa imebatilishwa. Je, ilibatilishwa kwa sababu jirani alilalamika? Hapo ndipo penye utamu wa kisa hiki.

## Jina moja, nchi mbili

Aliyewahi kufika Namanga ataelewa upesi. Kuna Namanga ya Kenya na Namanga ya Tanzania, na mtu anaweza kunywa chai upande mmoja na kununua vitunguu upande wa pili. Kwenye mpaka wa Marekani na Meksiko kuna mji wa namna hiyo uitwao Nogales. Nogales moja iko Arizona, nyingine iko katika jimbo la Sonora nchini Meksiko. Wenyeji huziita kwa pamoja Ambos Nogales, yaani Nogales zote mbili.

Mwaka 2010 katikati ya miji hiyo palikuwa na ukuta wa mabati mazito ya chuma yenye matuta na kutu. Mabati hayo hayakutengenezwa kwa ajili ya ukuta. Jeshi la Marekani liliyatumia enzi za vita vya Vietnam kwa kuyatandaza ardhini, ili ndege zipate pa kutua kwenye udongo laini. Vita vilipokwisha yakakaa maghalani, kisha yakaletwa mpakani na kusimamishwa wima. Mtu hakuweza kuona ng'ambo. Mwaka 2011 yaling'olewa, zikawekwa nguzo ndefu za chuma zenye nafasi katikati. Tangu hapo ndugu waliotenganishwa na mpaka waliweza angalau kutazamana wakizungumza.

Lakini ukuta huo haukuzuia biashara. Kila majira ya baridi malori ya nyanya, matango na pilipili hoho kutoka mashamba ya Sinaloa na Sonora hupita Nogales kwenda kwenye masoko ya Marekani. Asubuhi Wameksiko wenye viza hupanga foleni kuvuka kwenda kununua nguo na viatu katika maduka ya mtaa wa Morley Avenue, hatua chache tu kutoka mpakani. Wakikosekana hao, mwenye duka wa Arizona analala njaa.

Historia nayo ina lake. Hadi katikati ya karne ya 19 ardhi hiyo yote ilikuwa ya Meksiko. Baada ya vita kati ya nchi hizo mbili, mkataba wa mwaka 1848 uliipa Marekani eneo kubwa la kaskazini. Mwishoni mwa mwaka 1853 yakafikiwa makubaliano ya kuiuzia Marekani kipande kingine, ambacho hatimaye kililipiwa dola milioni 10, na ndani yake mlikuwamo mji wa Tucson. Familia zilizokuwa zikiishi Tucson zililala Meksiko zikaamka Marekani, bila kuhamisha hata kiti. Kwa hiyo kumsikia mtu akizungumza Kispaniola mjini Tucson hakukuambii kwamba ni mgeni. Huenda babu wa babu yake alikuwapo pale kabla ya bendera inayopepea leo.

Mwaka 2010 Arizona ilikuwa na watu wapatao milioni 6.4. Takriban watatu kati ya kila kumi walikuwa na asili ya Meksiko au nchi nyingine zinazozungumza Kispaniola, na wengi wao walikuwa raia kamili wa Marekani. Wasio na vibali walikadiriwa kuwa zaidi ya laki nne.

## Arizona ililalamikia nini?

Tusiwasikilize wapingaji peke yao. Watu wa Arizona nao walikuwa na hoja.

Katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani iliimarisha ulinzi kwenye miji mikubwa ya mpakani, El Paso na San Diego. Waliokuwa wakivukia huko hawakuacha kuvuka, walihama njia. Wakaelekea katikati, kwenye jangwa la Arizona, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 na maji hakuna. Wasafirishaji wa watu kwa magendo, ambao huko huitwa coyote, wakapata soko. Wavukaji wengi walikufa kwa kiu. Wafugaji wa mpakani nao wakawa wanakuta nyua zimekatwa, mabomba ya maji yamefunguliwa na watu wasiowajua wakipita usiku.

Mara mbili, mwaka 2006 na 2007, Bunge la Marekani lilijaribu kurekebisha sheria za uhamiaji na likashindwa kukubaliana. Kisha Machi 2010 mfugaji mmoja aliuawa shambani kwake karibu na mpaka. Wengi waliamini muuaji alitoka ng'ambo, ingawa hilo halikuthibitishwa. Hasira ikapanda. Russell Pearce, seneta wa jimbo na askari wa zamani, alikuwa tayari na muswada mkononi, na tarehe 23 Aprili 2010 Gavana Jan Brewer aliutia saini. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: Washington imelala, kwa hiyo sisi tutaifanya kazi yake.

Sheria hiyo ilikuwa na mengi, lakini vifungu vinne ndivyo vilivyowasha moto:

1. Polisi anapomsimamisha au kumkamata mtu kwa kosa lolote, akiwa na shaka yenye sababu kwamba mtu huyo yuko nchini kinyume cha sheria, lazima ajaribu kuthibitisha hali yake ya uhamiaji.
2. Mgeni asiyebeba hati zake za usajili anakuwa ametenda kosa la jinai chini ya sheria ya jimbo.
3. Asiye na kibali akifanya kazi, au akitafuta tu kazi, anakuwa ametenda kosa la jinai.
4. Polisi wa jimbo anaweza kumkamata mtu bila hati ya mahakama, akiamini ametenda kosa linaloweza kumfanya afukuzwe nchini.

"Shaka yenye sababu" ni neno la kisheria. Maana yake ni kwamba askari hawezi kukushuku hivihivi, lazima awe na kitu anachoweza kukieleza. Akimwona mtu anakimbia na redio ya gari huku nyaya zinaning'inia, hiyo ni shaka yenye sababu.

Sasa chukua mfano wa barabarani. Taa ya nyuma ya gari imekufa, askari anasimamisha gari. Dereva wa kwanza ni fundi seremala mwenye ngozi ya maji ya kunde na lafudhi ya Kispaniola, familia yake iko Tucson kwa vizazi sita. Dereva wa pili ni kijana kutoka Kanada mwenye nywele za dhahabu, na viza yake iliisha mwaka jana. Nani ataulizwa karatasi? Kosa la uhamiaji halina alama usoni. Siku ya kutia saini mwandishi wa habari alimuuliza gavana mtu aliye nchini kinyume cha sheria anafananaje, na gavana akajibu kwamba hajui. Jibu lilikuwa la kweli, na ndilo lililowatia watu hofu. Kama gavana hajui, askari aliye barabarani atatumia kipimo gani?

Wiki moja baadaye Arizona ilirekebisha maneno ya sheria ili kusisitiza kwamba rangi na taifa la asili visitumike kama sababu. Waliokuwa na hofu hawakutulia.

Kwa ufupi: Arizona ilikuwa na tatizo la kweli na serikali kuu iliyokuwa ikivutana. Ila dawa iliyochagua ilimtaka askari amtambue mgeni kwa kumtazama, katika jimbo ambalo karibu watu milioni mbili wana sura na lugha inayofanana na ya hao wanaotafutwa.

## Jirani alitumia njia gani?

Kuna mipaka ya kile jirani anachoweza kudai. Hakuna sheria ya kimataifa inayoipa Meksiko haki ya kuichagulia Marekani nani aingie. Lakini kila nchi ina haki ya kuwalinda watu wake walioko ugenini. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli umeiandika haki hiyo. Konseli ni ofisa wa nchi moja anayekaa katika mji wa nchi nyingine ili kuwahudumia raia wake: kuwapa pasipoti, kuwatembelea gerezani, kuhakikisha hawaonewi. Meksiko ilikuwa na ofisi tano za namna hiyo ndani ya Arizona peke yake, katika miji ya Phoenix, Tucson, Nogales, Douglas na Yuma.

Kwa hiyo Meksiko ilijitahidi kutosema, "Msilinde mpaka wenu." Ilisema, "Watu wetu walioko kwenu kihalali nao wataonewa." Ikalisema hilo kwa njia tano.

Tamko. Rais Felipe Calderón alisema sheria hiyo inafungua mlango wa chuki, ubaguzi na matumizi mabaya ya madaraka ya polisi.

Tahadhari kwa wasafiri. Tarehe 27 Aprili, siku nne baada ya saini, wizara ya mambo ya nje ya Meksiko iliwataka raia wake waende Arizona kwa uangalifu, wakichukulia kwamba Mmeksiko yeyote anaweza kusumbuliwa na kuhojiwa wakati wowote. Watu wengi walitabasamu kwa uchungu. Miaka hiyo Marekani ndiyo iliyozoea kuwaonya watu wake wasiende Meksiko kwa sababu ya vita vya wauza dawa za kulevya. Safari hii barua ilielekea upande wa pili.

Kususa. Chuo kikuu cha jimbo la San Luis Potosí nchini Meksiko kilisitisha kupeleka wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Arizona. Sonora ilikataa kuhudhuria kikao cha tume ya ushirikiano kati yake na Arizona, tume iliyoanza mwaka 1959. Kisha magavana wa majimbo sita ya mpakani ya Meksiko wakatangaza kwamba hawataenda Phoenix kwenye mkutano wa kila mwaka unaowakutanisha na wenzao wanne wa Marekani. Gavana Brewer, aliyekuwa mwenyeji, akaufuta. Gavana Bill Richardson wa New Mexico akauchukua, ukafanyika kwake Santa Fe mwezi Septemba.

Hotuba bungeni. Tarehe 20 Mei 2010 Calderón alihutubia mabaraza yote mawili ya Bunge la Marekani. Alisema anaheshimu haki ya kila nchi kutunga sheria zake, na kwamba Meksiko nayo ina wajibu wa kutengeneza ajira ili watu wake wasikimbie. Kisha akasema hakubaliani kabisa na sheria ya Arizona, kwa kuwa inafanya sura ya mtu iwe sababu ya kumkamata. Wabunge wengi wa chama cha Democratic walisimama wakapiga makofi. Wa Republican wengi walibaki vitini, na baadhi ya maseneta wao wakalalamika baadaye kwamba mgeni hasemi hivyo sebuleni kwa watu. Fikiria umemkaribisha jirani chakula cha jioni, naye kabla ya kunawa mikono anakukosoa jinsi unavyoiendesha nyumba yako. Hata kama anasema kweli, nusu ya walio mezani watanuna.

Mahakamani. Tarehe 22 Juni Meksiko ilipeleka andiko katika mahakama ya Phoenix kama "rafiki wa mahakama". Huyu ni mtu au chombo ambacho si mlalamikaji wala mlalamikiwa, lakini kinaomba kumpa jaji maelezo yatakayomsaidia kuamua. Meksiko haikumshtaki mtu. Iliunga mkono shauri lililokuwa limefunguliwa na mashirika ya haki za raia ya Marekani. Nchi nyingine kadhaa za Amerika ya Kilatini zikaja nyuma yake.

Njia nne za kwanza zilijaza magazeti. Hii ya tano haikupata kelele nyingi. Tutairudia.

## Nyani na kundule

Wamarekani wengi walikuwa na jibu la haraka kwa Meksiko: nyani haoni kundule.

Walikuwa na la kuonyesha. Sheria ya idadi ya watu ya Meksiko ya mwaka 1974 ilikuwa kali kwa wageni kuliko kitu chochote kilichopitishwa Arizona. Hadi mwaka 2008 kuingia Meksiko bila kibali kulikuwa kosa la jinai lenye kifungo. Hata baada ya kifungo kuondolewa, sheria iliendelea kuwataka maofisa wa serikali kukagua hati za mgeni kabla ya kumhudumia. Na mashirika ya haki za binadamu yalikuwa yameeleza kwa kirefu jinsi watu kutoka Guatemala, Honduras na El Salvador walivyokuwa wakitekwa, wakiibiwa na kubakwa wakikatiza Meksiko kuelekea kaskazini, wakati mwingine maofisa wakishiriki.

Mwezi Agosti 2010, mvutano wa Arizona ukiwa haujapoa, wanajeshi wa Meksiko walikuta miili ya wahamiaji 72 kwenye shamba huko San Fernando, jimbo la Tamaulipas. Wengi walitoka Amerika ya Kati na Kusini. Genge la wahalifu liliwateka njiani na kuwaua.

Baada ya hapo Meksiko isingeweza kuendelea kudai heshima kwa watu wake ng'ambo huku wageni wakichinjwa kwake. Sheria ya 1974 ilifanyiwa marekebisho tena mwaka huohuo, na Mei 2011 ikatoka sheria mpya ya uhamiaji. Hii ilitamka kwamba kuwa nchini bila kibali si jinai, na kwamba mhamiaji ana haki ya matibabu, elimu na kusikilizwa na mahakama, awe na karatasi au asiwe nazo. Utekelezaji umekuwa na kasoro nyingi, lakini kilichoandikwa kilibadilika. Malalamiko dhidi ya Arizona yalichangia kuisukuma Meksiko kufagia uwanja wake. Anayempigia jirani kelele huwaalika watu waje wachungulie na kwake.

## Nyumba moja, vyumba hamsini

Turudi kwenye ile njia ya tano.

Marekani ni nchi ya shirikisho: serikali moja kuu, na majimbo 50 yenye mabunge, magavana na mahakama zake. Kila upande una kazi zake. Jimbo linaweza kuamua kodi zake, shule zake na adhabu ya wizi. Haliwezi kuchapa fedha wala kutangaza vita.

Msomaji wa Tanzania ana mfano karibu. Zanzibar ina rais wake na Baraza la Wawakilishi, lakini katiba ya nchi ina orodha ya Mambo ya Muungano, na humo yamo mambo ya nje, uraia na uhamiaji. Mwaka 1993 Zanzibar ililazimika kujitoa katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, baada ya mzozo mkali. Ilikuwa imejiunga na chombo cha kimataifa wakati anayezungumza na mataifa ni Muungano.

Marekani ililikuta swali hilo zamani. Mwaka 1874 meli iliyoitwa Japan iliingia San Francisco kutoka China. Kamishna wa uhamiaji wa jimbo la California alipanda melini, akawatazama abiria, na akaamua kwamba wanawake zaidi ya 20 walikuwa na mwenendo mchafu. Sheria ya California ilimruhusu kudai dhamana ya dola 500 za dhahabu kwa kila mmoja, au wasishuke. Hakuwa na ushahidi ila macho yake. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na majaji wakaifuta sheria hiyo. Waliuliza swali rahisi: China ikidai fidia kwa watu wake kuonewa, itadai kwa nani? Haitaiandikia California, itaiandikia Washington. Je, jimbo moja liruhusiwe kuanzisha ugomvi ambao nchi nzima italazimika kuulipia?

Andiko la Meksiko la mwaka 2010 liligonga mlango huohuo. Lilisema kwamba nchi mbili zenye mpaka wa zaidi ya kilomita 3,000 haziwezi kuelewana kuhusu biashara, usalama na uhamiaji ikiwa kila jimbo litakuwa na sera yake kwa wageni. Zungumza nasi kama nchi moja, Meksiko ilisema, kwa sababu hatuwezi kuzungumza na nchi 50.

Ona kilichotokea hapo. Malalamiko ya jirani yaligeuka kuwa ushahidi katika ugomvi wa wenye nyumba. Tarehe 6 Julai 2010 serikali ya Rais Barack Obama iliishtaki Arizona, ikidai jimbo limeingilia kazi ya taifa na kuharibu mahusiano na nchi za nje. Na ushahidi wa mahusiano kuharibika ulikuwa bayana: magavana waliosusa, onyo kwa wasafiri, hotuba ya bungeni. Tarehe 28 Julai, siku moja kabla ya sheria kuanza kutumika, Jaji Susan Bolton alizuia vifungu vyote vinne tulivyovitaja.

Tarehe 25 Juni 2012 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake. Majaji watano kati ya wanane waliosikiliza shauri walibatilisha vifungu vitatu: kosa la kutobeba hati, kosa la kutafuta kazi, na kukamata bila hati ya mahakama. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba wageni wakionewa Marekani, Wamarekani walioko nje nao wanaweza kulipiziwa, na kwamba nchi za nje zinahitaji kujua zinazungumza na dola moja. Kifungu cha kwanza, cha polisi kuuliza karatasi, kiliachwa kiendelee, na mlango ukabaki wazi wa kukishtaki upya kikitumika vibaya. Mwaka 2016 Arizona ilikubaliana na waliokuwa wakiendelea kuipinga, ikatoa mwongozo kwamba polisi wasimsimamishe mtu wala kumchelewesha kwa ajili ya kumuuliza uhamiaji tu.

## Je, jirani hushinda siku zote?

La. Miaka miwili kabla ya SB 1070 Meksiko ilishindwa katika jambo zito zaidi.

Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilivunja Mkataba wa Vienna kwa Wameksiko 51 waliohukumiwa kifo, kwa kuwa hawakuambiwa kwa wakati haki yao ya kumwita konseli. Rais George W. Bush aliyataka majimbo yapitie upya kesi hizo. Texas ikakataa. Machi 2008 Mahakama ya Juu ilisema rais hana uwezo wa kuilazimisha Texas bila Bunge kutunga sheria, na Agosti mmoja wa Wameksiko hao akauawa kwa sindano ya sumu.

Linganisha kesi hizo mbili. Kwa Texas, Meksiko ilikuwa na hukumu ya mahakama ya dunia mkononi, na ikashindwa. Kwa Arizona haikuwa na hukumu yoyote, na hoja yake ikakubaliwa. Tofauti ilikuwa ndani ya nyumba. Safari moja katiba ya mwenyeji haikuwa na mpini wa kushika, safari nyingine ilikuwa nao.

Upande mwingine wa nguvu ya jirani ulionekana Texas tena. Desemba 2023 Gavana Greg Abbott alitia saini sheria inayolifanya kosa la kuingia nchini isivyo halali kuwa jinai ya jimbo, na inayowaruhusu majaji wa Texas kumwamuru mtu arudi Meksiko. Machi 2024 Mahakama ya Juu iliiruhusu ianze, ikatumika kwa saa chache, na usiku uleule mahakama ya rufaa ikaizuia tena. Katika saa hizo Meksiko ilitangaza kwamba haitampokea mtu yeyote atakayerudishwa na Texas, kwa sababu inashughulika na serikali ya Marekani peke yake. Safari hii haikuhitaji kumshawishi jaji yeyote. Kumrudisha mtu kwao kunataka wawili, anayesukuma na anayefungua. Jaji wa Texas anaweza kuandika amri anavyotaka, lakini ufunguo wa lango la upande wa pili wa daraja hauko Texas.

## Mambo ya kukumbuka

- Jirani hana haki ya kufuta sheria yako. Ana haki ya kuuliza watu wake wanatendewaje.
- Nguvu ya malalamiko haipimwi kwa ukali wa maneno. Calderón alisikika zaidi bungeni, lakini karatasi za mahakamani zilifanya kazi zaidi.
- Malalamiko ya nje hushika pale yanapokutana na swali ambalo wenyeji wenyewe wanabishania. Katika kisa hiki swali lilikuwa: nani anazungumza kwa niaba ya nchi?
- Anayelalamika hukaguliwa naye.
- Sheria ya kufukuza watu humtegemea anayepokea.

Kwa hiyo mtu akiuliza tena Meksiko inaingiaje hapo, mwambie kwamba ilikuwapo pale tangu mwanzo: kwenye foleni ya asubuhi ya Nogales, kwenye lori la nyanya, na kwenye kiti cha dereva ambaye taa yake ya nyuma imekufa. Arizona ilitunga sheria kana kwamba inazungumza na watu wake tu. Kumbe kila kifungu kilikuwa kinasomwa pia ng'ambo ya ukuta, na waliokuwa wakikisoma huko wangetaka majibu kutoka Washington, ambayo haikukiandika.